Tuache kuhesabu kompyuta: viwango vya TEHAMA kwa walimu vipo tangu 2015, nani kavisoma?

#1 Chaki na Waya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha Hisabati na Fizikia sekondari ya kata, na kwa kuwa najua kuwasha projekta bila kuita mtu, nimebandikwa na usimamizi wa TEHAMA. Kila mwaka fomu inakuja. Kompyuta ngapi? Nzima ngapi, mbovu ngapi? Vishikwambi vingapi? Umeme upo? Intaneti ipo? Najaza, mkuu wa shule anagonga muhuri, fomu inakwenda zake wilayani. Bado sijaona fomu inayouliza swali ninalolisubiri: mwalimu gani ametumia kifaa kipi kufundisha mada ipi, na wanafunzi wenyewe wakafanya nini?

Nimeleta uzi kwa sababu swali hilo limeshaandikwa zamani, tena na serikali. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, kama ilivyoitwa wakati ule, ilitoa viwango vya umahiri wa TEHAMA kwa walimu wa Tanzania. Ilishirikiana na UNESCO, kwenye mradi uliofadhiliwa na China, na vyuo vya ualimu vya Monduli na Tabora vilikuwemo. Nyuma yake kulikuwa na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ya 2007, na miaka hiyohiyo Sweden ilisaidia kupeleka kompyuta kwenye vyuo vya ualimu vya serikali. Anayesema nchi hii haijawahi kulifikiria jambo hili hajapekua makabati.

Msingi wa hati ile ni mfumo wa UNESCO wa umahiri wa walimu, uliotoka 2008, ukarekebishwa 2011 na tena 2018. Toleo la 2018 linataja umahiri 18. Hesabu yake ni hivi: kazi ya mwalimu imegawanywa maeneo sita, yaani kuelewa sera, mtaala na upimaji, mbinu za kufundishia, matumizi ya stadi za kidijiti, uendeshaji wa shule na darasa, na kujiendeleza kitaaluma. Kila eneo lina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza, mwalimu anaweza kutumia kifaa kuendeleza kile alichokuwa akikifundisha siku zote. Ya pili, wanafunzi wanakitumia kutatua tatizo la kweli. Ya tatu, wanafunzi wanatengeneza maarifa yao, na mwalimu anawavuta wenzake.

Sasa angalieni tunachokisifia. Mwalimu akirusha slaidi ukutani wanafunzi wakanakili, tunapiga makofi na picha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Kwa ngazi hizo, huyo bado yuko ya kwanza. Na kujua kutumia kifaa ni eneo moja tu kati ya sita. Yale matano mengine ni ualimu.

Baada ya sensa ya 23 Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu, zaidi ya laki mbili. Ni jambo jema, silibezi. Lakini shuleni kwetu kishikwambi kilikuja na chaja pamoja na fomu ya kusaini kwamba ukikipoteza utakilipa. Hakikuja na sentensi hata moja ya kueleza mwalimu anategemewa afanye nini nacho darasani. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ingekuwa ndiyo mahali pake, na najua shule zinazoifanya vizuri. Kwetu inaishia kwenye daftari la mahudhurio.

Upande wa wanafunzi ndiyo kabisa. Anayechukua somo la ICS, lile la kompyuta, ana muhtasari na ana mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani. Asiyelichukua, nao ndio wengi, anamaliza kidato cha nne bila orodha ya wazi ya anachopaswa kuweza: kutafuta habari na kuipima kama ni ya kweli, kutunza nywila, kutengeneza jedwali, kujua kwamba picha ya mtu si mali yako.

Hoja yangu ni moja. Fomu ya vifaa ibaki kwa afisa manunuzi, sisi tupimwe kwa kipindi. Nani hapa ameiona hati ya 2015 shuleni kwake, na nani amewahi kupimwa kwayo?

Naomba kuwasilisha.

#2 Kisoda

Mimi niliiona mkuu. Ilikuwa imefungia maandazi.

#3 Dawati Kwanza

Mleta uzi, na heshima zote, hizi ni mada za watu wa mjini. Nafundisha Hisabati shule ambayo kidato cha tatu mkondo mmoja una wanafunzi 90 na kitu. Wengine wanakaa kwenye matofali. Choo cha wasichana kilititia masika. Umeme ulifika, luku inawekwa uongozi ukikumbuka. Halafu unaniambia habari ya umahiri 18?

Viwango ni karatasi. Leteni walimu, leteni madawati, halafu ndiyo tuje kwenye hizo ngazi zenu.

#4 Chaki na Waya

Mkuu Dawati, kuhusu madawati sikupingi, hata kwetu hayatoshi. Lakini umelichukua jambo kinyume. Unadhani kiwango kinadai vifaa. Mimi nakiona kama ngao ya mwalimu dhidi ya vifaa.

Chukua Peru. Serikali yao ilisambaza kompyuta mpakato zaidi ya milioni moja mashuleni bila kuziingiza kwenye namna ya kufundisha. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu imeitaja waziwazi: ufaulu haukupanda. Ripoti hiyohiyo inasema ni nusu tu ya nchi duniani zilizo na viwango vya kukuza stadi za TEHAMA za walimu. Sisi tumo kwenye nusu iliyonavyo, halafu tunaishi kama tuko kwenye nusu nyingine.

Kama kungekuwa na kigezo kinachosomwa, mfanyabiashara akija na maabara ya kompyuta 40 mkuu wa shule angeuliza: mada ipi, kidato kipi, mwalimu yupi, matengenezo kwa fungu lipi? Jibu likikosekana, hela inakwenda kwenye choo chako. Bila kigezo, kompyuta zinashushwa, utepe unakatwa, na choo kinaendelea kutitia.

#5 Mwalimu wa Gredi ya Nne

Hamjambo majirani. Niko upande wa Kenya, shule ya msingi ya umma, na yaliyosemwa hapo juu nimeyaishi.

Sisi tulianza na kifaa, kazi yake ikatafutwa baadaye. Kwenye kampeni za 2013 iliahidiwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 ndipo vifaa vikaanza kufika, sasa vikiwa tableti. Wauzaji walikuwa makundi mawili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na chuo kikuu cha JKUAT pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Vilifika zaidi ya milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata pia mashine za mwalimu, projekta na kisanduku cha kuhifadhia masomo. Na shule nyingi ziliwekewa stima kwa sababu ya mradi huo, hilo lazima nilitaje, kwa maana faida yake tunaila mpaka leo.

Lakini darasani! Shuleni kwetu tableti zililala stoo yenye mlango wa vyuma. Ziliogopewa wezi. Zilitolewa wageni wakija, watoto wakaketi wima, picha zikapigwa, zikarudi stoo. Mafunzo tuliyopata yalikuwa namna ya kuwasha, kuchaji na kufungua programu. Hakuna aliyekaa nami na azimio langu la kazi la Hisabati akanionyesha wiki ya tano tableti inaingilia wapi.

Mtaala wa umilisi ulipoingia 2019 uliweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Ninachokipenda ni kwamba haukuwekwa kama somo peke yake. Umetandazwa katika masomo yote. Ninachokichukia ni upimaji. Kuna vipimo vinne: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na chini ya matarajio. Nimesoma ripoti za watoto waliohamia kwetu, zimeandikwa amefikia matarajio katika ujuzi wa kidijitali, na mtoto ukimpa tableti anaigeuza huku na huku akitafuta pa kufungulia. Kwa hivyo ndugu mleta uzi, ukipata viwango vya wanafunzi, hakikisha mbele ya kila kiwango kuna kazi ya kufanywa mbele ya macho ya mwalimu. La sivyo mtaambulia tiki tupu.

#6 Kisoda

Mwalimu wa Gredi umeniua hapo kwa wageni. Kwetu pia projekta hutolewa siku ya mahafali.

#7 Baridi ya Minnesota

Wadau, nipo Marekani, nafundisha sayansi shule ya kati. Nimesoma uzi wote nikaona niongeze la huku, maana baadhi ya mifumo inayonakiliwa duniani ina asili yake hapa.

Huku kinachotajwa sana ni viwango vya ISTE. Hiyo ISTE ni chama cha walimu na wataalamu wa teknolojia ya elimu. Si wizara, haina mamlaka ya kumlazimisha mtu. Jimbo au wilaya ya shule ikipenda inavichukua. Viwango vya wanafunzi vilitoka 1998, vya walimu vikafuata 2000. Vile vya 1998 ukivisoma leo vinanuka kompyuta: mtoto ajue mashine inavyofanya kazi, ajue kutumia zana. Vikabadilishwa 2007, vikabadilishwa tena 2016, na hapo ndipo mambo yaligeuka. Vya 2016 viko saba na hakuna hata kimoja kinachotaja kifaa kwa jina. Kimoja kinamtaka mwanafunzi asimamie kujifunza kwake. Kingine kinamtaka awe raia mwadilifu mtandaoni, kingine avunje tatizo vipande vipande na kupanga hatua za kulitatua. Vya walimu vya 2017 navyo ni saba, na cha kwanza kinamtaka mwalimu awe mwanafunzi.

Miaka 18 iliwachukua kutoka kwenye kujua zana hadi kwenye kufanya kitu cha maana kwa zana. Tanzania haina haja ya kuitembea njia nzima. Ianzieni pale walipofika.

Ila msidhani huku ni peponi. Wanafunzi wangu kila mmoja ana kompyuta mpakato ya Chromebook. Bado kuna walimu wanaowapa watoto karatasi ileile ya maswali ya mwaka juzi, tofauti ni kwamba sasa inawaka. Kifaa kwa kila mtoto hakikumfanya mwalimu huyo apande ngazi yoyote.

#8 Fundi Seva

Nimevutiwa na lile eneo la tano la mleta uzi, uendeshaji, kwa sababu ndilo linaloniletea riziki. Naitwa mashuleni kutengeneza.

Ninachokikuta: kompyuta 20, zinazowaka 7. Zile 13 ukizifungua, 5 ni vumbi tu limeziba feni, 3 zimepigwa na umeme uliokatika na kurudi kwa hasira, 2 zimeliwa waya na panya, zilizobaki zimejaa virusi vya flashi. Kinachohitajika ni brashi ya kupakia rangi na mwalimu mwenye nusu saa kila Ijumaa. Lakini hakuna aliyeandikiwa kwamba hiyo ni kazi yake.

Na hii habari ya intaneti, watu wanaikuza mno. Shule ya kijijini haihitaji bando la kila siku. Chukua kompyuta mpakato ya zamani, au kile kikompyuta cha Raspberry Pi ambacho hakifiki wati 15, chomeka ruta ya bei ya kawaida, weka Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti), weka Kiwix (ya kusoma tovuti bila intaneti) yenye Wikipedia ya Kiswahili, weka vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ulivyopakua mara moja ukiwa mjini. Vishikwambi vyote vya walimu vinaingia kwenye mtandao huo wa ndani bila senti ya bando. Paneli ya sola ya wati 100 na betri nzuri vinatosha kabisa. Nimefunga hivyo sehemu ambayo ukitaka mtandao wa simu unapanda kichuguu.

Tatizo ninaloliona mimi ni nywila. Nafika, mwalimu aliyeiweka amehama, hakuna aliyeandika popote. Seva nzima inakuwa tofali.

#9 Mama Mlezi

Naomba na sisi wazazi tusikike. Binti yangu yuko kidato cha pili. Shuleni simu ni marufuku, akikamatwa nayo ni barua na kuitwa mzazi. Sawa, nakubali. Lakini saa mbili usiku kazi ya Jiografia inatumwa kwenye simu yangu kwa WhatsApp, picha tano za ubao, nyingine hazisomeki. Bando ni langu, simu ni yangu, na mimi nipo kwenye biashara mpaka saa nne. Asubuhi mtoto anachapwa kwa kutofanya kazi. Hivi kwenye hivyo viwango vya walimu hakuna mahali panaposema mwalimu ajue mtoto anafanyia wapi hiyo kazi?

La pili. Muhula uliopita matokeo ya mtihani wa ndani yaliwekwa kwenye kundi la wazazi, majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu picha ya wanafunzi wa mwisho wamesimama mstarini ikawekwa kwenye ukurasa wa shule ili “kuwahamasisha”. Binti yangu hakuwemo, lakini yule aliyekuwemo ni jirani yangu. Wiki nzima hakutoka nje.

#10 Wakili wa Mtaa

Mama Mlezi, pole, na hilo la pili si la kuachia hisia tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ina tume yake. Sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Shule inakusanya taarifa za watoto kila siku, kwa hiyo haiwezi kusema haihusiki.

Kenya wametangulia kwa adhabu. Sheria yao ni ya 2019, na mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya eneo la Nairobi shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Picha tu, wala si matokeo.

Ushauri wangu: andika barua kwa mkuu wa shule kwa upole, omba picha iondolewe, baki na nakala. Mara nyingi hawajui. Na hapa namuunga mkono mleta uzi, kwa sababu mwalimu aliyepimwa kwa kipengele cha uadilifu wa kidijiti asingeirusha picha ile.

#11 Chaki na Waya

Mama Mlezi, umeuliza swali zuri kuliko langu. Jibu ni ndiyo, lipo. Toleo la 2018 la UNESCO linasisitiza usawa na ujumuishi: mwalimu anapochagua njia ya kidijiti afikirie nani ataachwa nje, awe mtoto asiye na simu nyumbani, asiyeona vizuri, au anayefika nyumbani jioni na ndoo ya maji kichwani. Kazi inayotumwa kwa WhatsApp saa mbili usiku inafeli hapo, hata kama mwalimu ni bingwa wa kutumia simu. Kuhusu kuchapwa kwa sababu ya bando la mzazi sina la kusema, hasira zitanitoa kwenye mada.

#12 Kibodi ya Manila

Nimechelewa kufika. Nafundisha ICS, na jina langu la humu si utani. Nilichora kibodi kwenye karatasi za manila, nikazibandika mezani, watoto wakajifunza mahali pa vidole kabla ya kuifikia kompyuta yenyewe. Tunazo chache, wanafunzi wanapokezana. Na mtihani wa taifa una sehemu ya vitendo, mtahiniwa anakaa mbele ya mashine. Mtoto wa shule ya kulipia aliyeanza kushika kompyuta darasa la kwanza anafanya mtihani huohuo na wangu aliyeanza kwenye manila.

Kwa hiyo mimi nadai viwango vya wanafunzi kuliko vya walimu. Nadai ngazi za kueleweka: mwisho wa darasa la nne mtoto aweze hiki, mwisho wa la saba hiki, kidato cha pili hiki. Viwe vichache, hata vitano kila ngazi. Kwa mfano darasa la saba: aandike aya moja na kuihifadhi mahali atakapoipata kesho, aeleze kwa nini hatoi nywila kwa rafiki, atafute jibu la swali sehemu mbili tofauti na aseme zinapopingana. Hayo yanawezekana hata kwa kishikwambi kimoja cha mwalimu, mkipanga zamu. Mtoto akifika kwangu kidato cha kwanza nisianze na “hii inaitwa kipanya”.

Halafu kuna akili mnemba (AI), ambayo hakuna aliyeigusa humu. Nilitoa insha, nikapata nakala sita zenye utangulizi mmoja. Shule hairuhusu simu, ila likizo ipo na vibanda vya mjini vipo. UNESCO ilitoa mifumo miwili Septemba 2024, mmoja wa walimu wenye umahiri 15, mwingine wa wanafunzi wenye umahiri 12. Ule wa wanafunzi unaanza na kuelewa, kisha kutumia, kisha kuunda. Mpangilio huo naukubali. Sisi wanafunzi wetu wameruka moja kwa moja kwenye kutumia, na walimu wengi bado tunabishana kama tuizuie. Ukiizuia bila kuieleza, mtoto anajifunza kitu kimoja tu, kuficha.

#13 Dawati Kwanza

Nimewasoma wote. Bado nasema matofali si viti. Ila Kibodi ya Manila kanigusa, na Mleta Uzi hujanijibu kitu cha darasani. Nipe kipindi kimoja. Sitaki ngazi, sitaki UNESCO. Mimi nina wanafunzi 90, kishikwambi kimoja cha sensa, projekta hakuna. Mada: takwimu, kidato cha tatu. Nifanye nini ambacho ubao na chaki havifanyi?

#14 Chaki na Waya

Hapo sasa umenileta nyumbani, mkuu.

Chukua vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Siku moja kabla, wape kazi ya kupimana urefu kwa futi kamba ya fundi cherehani, kila mtu na urefu wake kwa sentimita kwenye kipande cha karatasi. Una namba 90 za watu wanaofahamiana, hazijatoka kitabuni.

Darasani wagawe makundi tisa ya watu kumi. Andika namba zote 90 ubaoni, au bora zaidi wanafunzi wawili waziandike wakati wengine wanaingia. Kila kundi litengeneze jedwali na kuchora histogramu (chati ya nguzo zinazogusana) kwenye karatasi ya grafu, lakini usiwape upana uleule wa makundi ya data. Makundi matatu yatumie sentimita 5, matatu yatumie 10, matatu yatumie 20. Wakati wanachora, wewe pamoja na mwanafunzi mmoja mwenye mkono mwepesi mnaingiza namba kwenye programu ya majedwali ya kishikwambi.

Wakimaliza, bandikeni grafu tisa ukutani. Zitatofautiana sana, na watoto wataanza kubishana nani kakosea. Waache wabishane. Hakuna aliyekosea. Sasa kishikwambi kinazunguka kundi kwa kundi, na swali ni moja: badilisha upana kutoka 5 kwenda 10 kwenda 20, angalia umbo linavyobadilika, kisha sema upana upi unalidanganya darasa hili na kwa nini. Kwa chaki hilo lingekula vipindi vinne vya kuchora na kufuta. Kwa kishikwambi ni sekunde.

Kila kundi liandike sentensi mbili za hukumu yake. Sentensi hizo ndizo unazosahihisha. Mthibiti ubora akija, muonyeshe hizo.

#15 Mwalimu wa Gredi ya Nne

Kipindi kizuri, lakini makundi tisa kupokezana kifaa kimoja katika muda uliobaki, hapana. Ukiyapa dakika nne nne ni 36, na kuchora kumeshakula 50. Hesabu haitoshi.

#16 Chaki na Waya

Kweli, dada. Basi yasizunguke makundi tisa. Kila kundi limtume mjumbe mmoja, wajumbe tisa wasimame kuzunguka meza ya mwalimu kwa dakika kumi, wabadilishe wenyewe, warudi kuwaeleza wenzao. Kuna faida ya pembeni: mjumbe asipoelewa, kundi lake litamrudisha mezani. Na namba ziingizwe jana yake jioni, darasani muhakiki tu.

#17 Fundi Seva

Nyongeza ya kiufundi: programu nyingi za bure za majedwali kwenye vishikwambi hazina histogramu ya moja kwa moja. Tengenezeni jedwali la idadi kwa kila upana kwanza, kurasa tatu, halafu chati ya nguzo kwa kila moja. Mnabadilisha ukurasa tu. Punguzeni mwanga wa kioo, betri za vile vishikwambi siku hizi haziaminiki. Na kichajiwe usiku, msije mkategemea luku ya asubuhi.

#18 Kibodi ya Manila

Na mjumbe wa kila kundi awe msichana mara moja, mvulana mara nyingine. Bila kupanga, kifaa kitashikwa na walewale watatu mpaka mwaka unaisha. Nimeyaona ICS.

#19 Dawati Kwanza

Sawa. Jumatatu nina takwimu 3B. Futi kamba nitaazima kwa fundi wa gulioni. Ila kishikwambi changu kina ufa kutoka kona mpaka kona, kitafaa?

#20 Chaki na Waya

Namba zikisomeka kinafaa. Ila zima WhatsApp kabla hujakiweka mezani kwa wajumbe tisa.

#21 Kisoda

Na ufute picha za ukumbi wa harusi ya shemeji, mkuu.